Kuondoa Utambulisho katika Kiolezo cha Mashine Pepe ya Linux Kabla ya Kukifungasha

Kiolezo cha mashine pepe ni taswira ya diski yenye mfumo endeshi uliokwisha kusakinishwa, ambayo hunakiliwa kila inapohitajika seva mpya. Faida yake ni kuokoa muda. Hatari yake ni kwamba nakala hurithi kila kitu, ukiwemo utambulisho wa mashine mama.

Utambulisho huo umo hasa katika sehemu mbili. Ya kwanza ni faili la /etc/machine-id, lenye tarakimu 32 za heksadesimali. Katika mifumo inayotumia systemd-networkd, namba hiyo ndiyo msingi wa kitambulisho kinachopelekwa kwa seva ya DHCP; hivyo nakala mbili zenye namba moja huweza kupewa anwani moja ya IP. Ya pili ni funguo za seva ya SSH zilizomo katika /etc/ssh. Anayesimamia nakala moja huwa na ufunguo wa siri wa nakala zote, na anaweza kuigiza seva nyingine bila mtumiaji kuonywa.

Kwa hiyo, kabla ya kufungasha, faili la machine-id huachwa tupu ili namba mpya itungwe mashine inapowashwa mara ya kwanza. Funguo za SSH hufutwa, na cloud-init huzitengeneza upya. Programu ya virt-sysprep hufanya usafi huo mashine ikiwa imezimwa. Ndipo taswira hubanwa katika muundo wa qcow2, au hufungwa pamoja na maelezo yake katika faili la OVA.

Hatua hiyo ikirukwa, kosa moja la kiolezo huwa kosa la kila nakala.