Mshale ukishatoka, mtihani ndo unaanza

Karagwe/Kyerwa. PONGO amesimama ukingoni mwa kichaka, ubavu wazi, masikio yanacheza. Mpiga upinde amejibanza nyuma ya mti mita 30 tu kutoka hapo, moyo unamdunda kama ngoma ya harusi. Anavuta, anatulia, anaachia. Unasikika mlio mfupi, pongo anaruka juu, kichaka kinajifunga nyuma yake kama pazia.

Kimya.

Kampata au kakosa? Na kama kampata, kampata wapi? Ingekuwa uwanjani, mwamuzi angekimbilia kwenye VAR na mashabiki wangesubiri jibu. Porini hakuna marudio. Kuna majani, labda na damu, halafu kuna dhamiri ya mtu mwenyewe.

Swali hilo ndilo linalomtenganisha mwindaji na mtu anayejua kurusha mishale tu. Kulenga kunafundishika, mtu akijituma miezi michache ataona tofauti. Kukaa na mshale ambao hujui umeingia wapi, bila kukurupuka na bila kujidanganya, hilo ni darasa jingine kabisa.

Kwa Karagwe na Kyerwa, darasa hilo lina uzito wake. Wilaya hizi zilikuwa moja hadi Kyerwa ilipomegwa mwaka 2012, na zote mbili zinapakana na pori. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Rumanyika na Ibanda yalipandishwa hadhi, yakawa Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, chini ya Tanapa. Humo ndani hakuna kuwinda, iwe kwa bunduki, mtego au mshale. Nje ya hifadhi nako, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka anayewinda awe na leseni.

Kwa hiyo kijana wa Kayanga au Nkwenda anayetamani upinde ana mambo mawili ya kujifunza. La kwanza ni wapi anaruhusiwa kuachia mshale. La pili, lililo gumu zaidi, ni lini hatakiwi kuuachia hata akiruhusiwa.

ENZI ZA RUMANYIKA

Sifa ya Karagwe kwa wawindaji haikuanza jana. Mwishoni mwa mwaka 1861 wapelelezi kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Grant, walifika kwa mfalme Rumanyika, ambaye leo jina lake linabebwa na hifadhi. Speke aliingia porini na bunduki, akaua vifaru, na vichwa vyao vikapelekwa kwa mfalme, ambaye alistaajabu kwelikweli.

Ni katika safari hiyo hiyo ambapo Speke alikutana na nzohe, swala wa majini anayeishi kwenye matete ya maziwa na mabwawa ya Karagwe. Mpaka leo jina la kitaalamu la mnyama huyo, Tragelaphus spekii, linamkumbuka mgeni huyo.

Lakini Speke alikuwa na kitu ambacho mpiga upinde hana. Risasi nzito inaangusha. Mshale hauangushi, unakata.

ROBO YA SEKUNDE

Mnyama aliyepigwa mshale hufa kwa kuvuja damu, pale chembe kinapokata mapafu, moyo au mishipa mikubwa. Hata akipigwa sawasawa anaweza kutimua mbio mita 100 kabla ya kudondoka. Maana yake aliyelenga vizuri na aliyekosa wote wanaona picha ileile: mgongo wa mnyama unaopotelea kichakani.

Kuna hesabu ambayo wengi hawaifikirii. Upinde wa kisasa, ule wenye magurudumu kwenye ncha, unaweza kurusha mshale kwa mwendo wa mita 90 hivi kwa sekunde. Unaonekana moto wa kuotea mbali, lakini sauti inakwenda mita 340 kwa sekunde. Kwa umbali wa mita 30, mshale unahitaji theluthi ya sekunde kufika, wakati mlio wa ugwe unafika ndani ya chini ya sehemu moja ya kumi.

Hapo pongo amepewa kama robo ya sekunde ya kushtuka. Anachofanya ni kuinama ili apate nguvu ya kuruka. Mshale uliolengwa mapafuni unapita juu ya mgongo, au unaingia tumboni kwa kuwa tayari amegeuka. Kwa upinde wa mti, ambao mshale wake ni wa polepole zaidi, mnyama anapata muda mwingi kuliko huo.

Ndo maana wazoefu wanasisitiza kusogea karibu, mita 15 au 20, na kusubiri mnyama atulie huku ubavu umeelekea kwako au ameanza kukupa kisogo kidogo. Akikukazia macho, shusha upinde. Mkono ukitetemeka, shusha upinde. Mchezaji anayejua leo si siku yake na kumwachia mwenzake penalti hajaonekana mwoga.

KUSOMA DAMU

Basi tuseme mshale umekwenda na hujui umefika wapi. Kosa la kwanza la mwanafunzi ni kukimbia kumfuata mnyama. Anayefukuzwa atatumia nguvu zake zote za mwisho, na nguvu hizo zinaweza kumfikisha mahali ambapo hakuna mtu atakayemwona tena.

Kinachotakiwa ni kutulia palepale. Kumbuka mnyama alisimama wapi na alionekana mara ya mwisho wapi, ukiweka alama kwa mti au jiwe, maana dakika tano baadaye kila kichaka kitafanana na kingine. Kumbuka pia alivyoruka. Aliyerusha miguu ya nyuma kwa teke mara nyingi amepigwa kifuani. Aliyejikunja mgongo na kuondoka kwa kujivuta huenda amepigwa tumboni.

Kisha utafutwe mshale wenyewe, kwa kuwa ndio shahidi wa kwanza. Damu nyekundu angavu yenye mapovu ni ya mapafu, na hiyo ndiyo habari njema. Damu nzito iliyokoza inaashiria ini. Mshale wenye majimaji ya kijani au kahawia na harufu ya choo umepita tumboni, na hapo ndipo jasho linapomtoka mtu. Unyoya mkavu, msafi, usio na hata tone, unasema umekosa. Hata hivyo mwindaji mwadilifu haamini mpaka akague njia aliyopita mnyama.

Miongozo ya wawindaji wa kulungu huko Marekani inataka kusubiri nusu saa kwa aliyepigwa mapafuni, saa nne au zaidi kwa ini, na saa nane hadi 12 kwa tumbo, ili mnyama alale asiendelee kukimbia. Baada ya hapo wanaingia wawili au watatu, mmoja anabaki kwenye tone la mwisho la damu huku wenzake wakitafuta linalofuata. Damu ikikatika, wanazunguka kwa duara linalopanuka.

Kwenye joto la Afrika Mashariki utaratibu huo una mtihani wake. Ukisubiri usiku kucha, fisi na chui hawasubiri, na nyama nayo inaharibika. Ukiwahi, unamfukuza. Hakuna jibu moja linalofaa kila siku. Anayelala usingizi mnono akiwa na jambo kama hilo kichwani, huyo ndiye wa kutiliwa shaka.

DAMU INAYOJISEMEA

Hapa nchini wapo mabingwa wa kazi hii. Wahadzabe wa Bonde la Eyasi, walioruhusiwa kuwinda kwa ajili ya chakula chao, hutumia pinde ngumu na mishale ambayo kwa wanyama wakubwa hupakwa sumu ya mimea. Sumu hiyo nayo haiui papo hapo, kwa hiyo Mhadzabe hapapariki. Akimchoma mnyama jioni, hurudi kambini, na asubuhi hutoka na wenzake kufuata nyayo, wakitazama tai angani na kusikiliza fisi.

Watafiti walioishi nao waliandika jambo la kupendeza. Mwindaji anayerudi baada ya kumpata mnyama hapigi kelele. Hukaa chini kimya na wanaume wenzake, na damu iliyo kwenye mti wa mshale ndiyo inayozungumza kwa niaba yake.

Na hao ndio mabingwa. Utafiti uliofanywa miaka ya 1980 ulionyesha kuwa mwindaji wa Kihadzabe alipata mnyama mkubwa mara moja hivi kwa kila siku 30 za kuwinda. Siku 29 zilizobaki alirudi bila mnyama mkubwa. Straika mwenye takwimu hizo angezomewa mpaka akimbie mji, lakini Mhadzabe huamka kesho yake na kutoka tena.

DAKTARI NA UPINDE TANGANYIKA

Wageni nao walikuja kulisoma somo hili hapa. Daktari wa Kimarekani, Saxton Pope, alifundishwa upinde na Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi, aliyejitokeza California mwaka 1911 baada ya watu wake wote kumalizika. Mwaka 1914 wawili hao walikuwa pamoja kwenye bonde la Deer Creek, nyumbani kwa Ishi, wakinyemelea kulungu. Ishi alifariki mwaka 1916.

Mwaka 1925 Pope na mwenzake Arthur Young walikuja Tanganyika na pinde zao kuwinda simba, wakiwa na mwandishi Stewart Edward White. Waliwapiga simba kwa mishale, lakini nyuma yao White alisimama na bunduki, na mara kadhaa ndiyo iliyomaliza kazi. Simba aliyejeruhiwa hamsubirishi mtu nusu saa.

Hilo halikuwaondolea heshima. Leo klabu kubwa ya wawindaji wa upinde Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1961, inabeba majina yao, Pope and Young. Linabaki kuwa funzo kwamba hata mabingwa waliijua mipaka ya silaha yao na wakajipanga kwa siku itakayogoma.

Katika uwindaji wa kitalii kuna kanuni maarufu: damu ikimwagika, mnyama umemlipia, hata usipompata. Ni kali kwa mfuko wa mtu, lakini inamfanya afikiri mara mbili kabla vidole havijaachia.

UBAO HAUUMII

Kwa kijana wa Karagwe na Kyerwa, njia iliyo wazi ni ya michezo. Kulenga kwa upinde kumekuwa kwenye Olimpiki mfululizo tangu mwaka 1972, na shabaha huwekwa mita 70. Majirani Kenya walimpa bendera mlenga shabaha wao, Shehzana Anwar, aongoze msafara wa nchi kwenye ufunguzi wa Rio mwaka 2016.

Upo pia mchezo wa kulenga sanamu za wanyama msituni, unaosimamiwa na shirikisho lilelile la dunia. Sanamu ya kulungu au nguruwe pori huwekwa katikati ya miti, umbali hautajwi, mchezaji anaukadiria mwenyewe. Akigonga kiini anapata pointi 11, duara linalofuata 10, kisha nane, na sehemu nyingine ya mwili ni tano.

Hizo tano ndizo za kutafakari. Kwenye karatasi ya matokeo ni pointi. Kwenye pongo wa kweli ni mshale wa tumboni, usiku mzima wa maumivu na mtu anayetambaa na tochi akitafuta tone la damu.

Mazoezi yenyewe hayana gharama ya ajabu. Gunia lililoshindiliwa majani makavu, mita 10 kwa kuanzia, upinde mwepesi na eneo salama lisilo na mtu wala mifugo nyuma ya shabaha. Mkono unaovuta ukome palepale shavuni kila mara. Wa upinde usishuke mpaka mshale utue. Mshale wa kwanza wa asubuhi, kabla mwili haujapata moto, ndio wa kuandikwa kwenye daftari, kwa sababu mnyama hatoi mshale wa majaribio.

Daftari hilo likionyesha asubuhi tatu kati ya kumi mshale umetoka nje ya kiini, mwenye upinde amejua atamkosea mnyama mara ngapi. Jioni mishale inachomolewa kwenye gunia, inafutwa vumbi, inarudi kwenye podo. Kule Ibanda na Rumanyika, pongo wanatoka kula.