Kode za magonjwa: kabla ya kutuma pesa ya masomo

Kijana wa Kibabi akifungua simu siku hizi anaweza kuangukia tangazo kama hili: jifunze kode za magonjwa, tumika ukiwa nyumbani, ulipwe dola. Lakini lipa kwanza. Basi kabla ya kutuma pesa, tuangalie kazi yenyewe ni nini.

Kode hapa si kodi ya nyumba. Ni herufi na namba zinazotaja ugonjwa kwa namna moja dunia yote. Katika CIM, orodha ya magonjwa ya OMS, toleo la 10, kolera ni A00, surua ni B05, palu ya falciparum ni B50. Mufaransa Jacques Bertillon alitoa orodha ya kwanza ya kimataifa ya sababu za vifo mwaka 1893, OMS ikaichukua 1948. Toleo la 11 lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Linasomwa kwa Kifaransa kwenye intaneti, bila kulipa.

Kule Marekani kazi hii iko kweli. Mutu anasoma fiche ya mugonjwa, anaweka kode, na bima inalipa hospitali kwa kufuata kode ile. Mutihani mumoja unaojulikana, wa shirika AAPC, una maswali 100 kwa saa 4, yote kwa Kiingereza na kwa sheria za kule. Kwetu, mugonjwa mwingi analipa mwenyewe, kama hakuna shirika linalomusaidia. Kwa hiyo karatasi ile haikupi kazi ku kituo cha afya hapa Masisi wala Walikale.

Lakini kazi inayofanana nayo iko hapa hapa, na wengi hawaioni kama kazi. Ni ya SNIS, mfumo wa taifa wa habari za afya. Muuguzi anaandika kila mugonjwa katika daftari: umri, kijiji, ugonjwa, dawa. Mwisho wa mwezi IT anahesabu: palu ngapi, kuhara ngapi, watoto chini ya miaka 5 wangapi. Fomu haiombi B50, inaomba hesabu. Rapoti inaenda BCZ, pale inaingizwa kwa ordinatere katika programu DHIS2, halafu wa jimbo na wa Kinshasa wanaiona.

Sasa fikiri mama analeta mutoto mwenye homa na vipele. Muganga amechoka, foleni ni ndefu, anaandika «homa» tu. Kesho yake anakuja mwingine, anaandikwa vile vile. Kumbe homa pamoja na vipele inapashwa kutangazwa kama surua inayoshukiwa, bila kungojea mwisho wa mwezi. Ku BCZ wanaona homa za kawaida, hakuna anayetuma timu ya kuchukua damu wala kuomba chanjo. Na huku kwetu familia zinahama na vita, mutoto yule anaweza kulala wiki ijayo katika kambi yenye watoto mamia. Neno moja tu liliandikwa vibaya.

Na dawa pia: hesabu ya palu ikiwa ndogo kwa karatasi, dawa zinazoombwa zinakuwa kidogo.

Njia ya kujifunza? Ya kwanza ni ITM, miaka 4 ya humanités, unatoka muuguzi A2. Kuandika daftari ni sehemu ya kazi hiyo kila siku. Mwenye diplome ya serikali anaweza kuendelea ISTM, kama ile ya Goma. Ulizia pia masomo ya usimamizi wa huduma za afya, si uuguzi peke yake. Mwenye kujua ordinatere ajifunze Excel vizuri, halafu DHIS2, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo. Mafunzo yake mengine yako bure kwa intaneti.

Kama bado unataka ile ya Marekani, anza na Kiingereza. Na anayekuomba pesa, mwulize kwanza ni shirika gani linatoa mutihani, na unafanyika wapi.