Mashine Mbili na Mkono wa Mtazamaji

Aghalabu mtu akitaka kuwafunulia watu elimu ya gari la umeme hulipasua gari lenyewe, akazipaka rangi sehemu zake na kubandika vibao vya maelezo, nao watazamaji wakapita kwa adabu pasipo kuongezewa kitu. Kwani mota iliyokatwa nusu haisemi zaidi ya kuwa ina nyaya nyingi za shaba. Nionavyo mimi, afadhali aanze na mashine mbili ndogo zilizounganishwa kwa nyaya mbili tu, kila moja na mkono wake wa kuzungushia, ili mtoto auzungushapo huu auone ule wa pili, ng'ambo ya meza, ukizunguka wenyewe.

Wala jambo hilo si jipya. Katika maonyesho makubwa ya Vienna ya mwaka 1873 mashine za Mbelgiji Zénobe Gramme ziliwekwa vivyo hivyo, moja ikizalisha umeme na ya pili ikiendeshwa na umeme huo. Na asili ya maarifa yenyewe Michael Faraday alikwisha kuidhihirisha mjini London tangu 1831. Gari la leo latumia hikima ile ile: mota husukuma magurudumu, na dereva apunguzapo mwendo, magurudumu nayo huizungusha mota, ikawa jenereta irudishayo sehemu ya nguvu betrini.

Lakini lililo la ajabu zaidi jicho halilioni. Mkono ndio hulihisi. Nyaya zikiwa zimeachana, mashine huzunguka kwa wepesi. Ncha zake zikigusanishwa, mara mkono huwa mzito kana kwamba unakoroga asali, kwa kuwa mkondo uliozaliwa na mwendo huupinga mwendo huo huo. Hapo fundi aweke swichi kubwa ya kubonyezwa kwa kiganja (ndogo watoto huzivunja), na volti 12 zamtosha, maana zile 400 za betri ya gari la kweli huua.

Baada ya hapo na iwepo baiskeli ya kuzalisha umeme. Mtu mwenye afya aweza kukanyaga wati 100 kwa kitambo kirefu, ilhali gari la umeme la kawaida hula kiasi cha wati-saa 150 hadi 200 kwa kilomita moja. Basi aliyekanyaga dakika nzima, jasho likimtoka, kibao kimwonyeshe kuwa gari lake, hata tusipohesabu kinachopotea njiani, limesogea mita kumi hivi.