Lipu Inapoachana na Ukuta

Wako wafanyakazi wengi wa mijini ambao kila mwezi huweka kando sehemu ya mshahara ili wajenge nyumba kwao. Kwa mwenyeji wa Kisaki, katika Wilaya ya Morogoro, kila mfuko wa saruji wa kilo 50 huongezewa gharama ya safari kabla ya kufika kijijini. Ni hasara chungu, basi, lipu iliyopigwa mwaka huu inapoanza kubambuka kabla ya masika ya pili.

Hapo ndipo ugomvi huzuka. Mwenye nyumba humshuku fundi kuwa amepunguza saruji. Fundi naye husema saruji aliyopewa haikutosha. Hatimaye hununuliwa mifuko mingine, lipu hupigwa upya, nayo huanguka vilevile. Kumbe mara nyingi kasoro haiko katika idadi ya mifuko, bali iko katika ukuta wenyewe na katika maji.

Ukuta wenye kiu

Lipu hushika ukuta kwa njia mbili. Uji wa saruji hupenya katika vitundu vidogo vya tofali na kugandia humo. Tena mchanganyiko hung'ang'ania mikwaruzo na viungo vya matofali. Ukuta ukiwa na vumbi, masizi au mafuta, lipu hushika uchafu huo badala ya tofali.

Tambarare ya Kisaki, kusini mwa Milima ya Uluguru, ni nchi ya joto. Tofali la kuchoma lililopigwa na jua huwa na kiu kali, na hunyonya maji ya lipu mara tu inapobandikwa. Nayo saruji haigandi kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji. Ikinyang'anywa maji hubaki unga usio na nguvu.

Kwa hiyo, kwanza ukuta ukwanguliwe viungo vyake, upigwe brashi, kisha umwagiwe maji mpaka uloe, na uachwe hadi maji yasing'ae juu yake. Ukuta ulio laini urushiwe kwa mwiko tope jepesi la saruji moja kwa mchanga miwili, uachwe na uso wenye chunusichunusi, na kunyweshwa maji kwa siku moja au mbili. Hapo lipu hupata pa kushika.

Mchanga na vipimo

Mchanga wa mtoni, kama ule wa Mto Mgeta, waweza kuwa na matope. Upime hivi: jaza mchanga nusu chupa ya kioo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, uache utulie kwa saa kadhaa. Tabaka la matope juu ya mchanga likizidi sehemu moja ya kumi, mchanga huo uoshwe kwanza.

Saruji moja kwa mchanga mitano au sita hutosha kwa kuta za ndani. Kuzidisha saruji si dawa: mchanganyiko mkali husinyaa sana, hupasuka na kujivuta kutoka ukutani. Lipu nene nayo huelemewa na uzito wake, hivyo tabaka moja lisizidi sentimita moja na nusu. Mchanganyiko ulioanza kuganda katika karai usifufuliwe kwa maji. Kazi ikiisha, ukuta umwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba.

Nyumba za udongo

Hapa hapana budi kusema wazi. Udongo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, lakini lipu ya saruji haiwezi kufuata mwendo huo. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hunaswa nyuma yake, na ukuta huoza kwa siri. Nyumba ya udongo hufaidika zaidi na lipu ya udongo uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, kisha chokaa, pamoja na msingi ulioinuka na paa lililotokeza vizuri.

Kukagua na kutengeneza

Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama debe tupu, lipu imekwisha kuachana na ukuta. Zungushia mahali hapo kwa chaki, ubomoe mpaka ufikie lipu iliyoshika, kisha uanze upya. Kuziba ufa kwa juu ni kuficha ugonjwa. Ukiona unga mweupe kama chumvi, tafuta kwanza maji yanakotoka. Wala kazi hii isiahirishwe panapolala watoto, maana kipande cha lipu kikianguka usiku chaweza kumjeruhi mtu.

Basi wewe utumaye fedha kutoka mjini, usiulize tu mifuko mingapi imetumika. Uliza pia kama ukuta ulisafishwa, kama ulinyweshwa maji, na ni nani atakayeumwagilia juma zima baada ya fundi kuondoka. Maji hayo ni rahisi kuliko mfuko mmoja wa saruji, nayo huhifadhi heshima ya fundi na amani ya nyumba.