Jina Moja, Desturi Mbili: Taabu ya Kukihamisha Kitatuzi cha Programu

Dereva wa lori atokaye Dar es Salaam, akiisha kuipita Lusahunga katika wilaya ya Biharamulo na kuiacha Benaco nyuma yake, huteremkia daraja la Rusumo wilayani Ngara akiwa na gari lile lile na juu ya lami isiyobadilika. Walakini akiisha kuuvuka Mto Kagera na kuingia Rwanda, kushika kushoto, alikokuhesabu kuwa ndiyo sheria yenyewe, hugeuka kuwa hatari, kwani huko magari hushika kulia. Hali ya fundi anayekihamisha kitatuzi kutoka mfumo wa Linux kwenda FreeBSD ni mfano wa hiyo, nayo mifumo hii miwili ni ya ukoo mmoja wa Unix.

Kitatuzi ni programu inayoichunguza programu nyingine: huisimamisha katikati ya kazi, huyasoma yaliyomo katika kumbukumbu na rejista zake, kisha huipeleka hatua kwa hatua hata kosa lidhihirike. Mashuhuri miongoni mwao ni GDB, aliyoianzisha Richard Stallman mwaka 1986. Mahali pa kusimamia huwekwa, kwa kompyuta za jamii ya Intel, kwa kuiandika baiti moja, 0xCC, juu ya amri iliyokusudiwa. Desturi hiyo ni ya prosesa, wala haibadiliki kwa kubadili mfumo. Kinachobadilika ni namna ya kuomba ruhusa, kwa maana hakuna programu iwezayo kuyagusa ya mwenziwe ila kwa idhini ya kiini cha mfumo. Mlango wa idhini hiyo huitwa ptrace, nao ulikuwamo katika Unix tangu toleo la sita la mwaka 1975.

Jina la mlango ni moja, bali masharti yake ni mbalimbali. Katika Linux ya biti 64, ombi la kusoma kumbukumbu hurudisha baiti nane. FreeBSD hurudisha nne tu, hata fundi asiye na hadhari akapata nusu ya anwani akiidhania kuwa kamili. Kadhalika katika ombi la kuiruhusu programu iendelee, Linux haijali anwani inayoambatishwa, ilhali FreeBSD huifanya kuwa ndiyo mahali pa kuanzia, na namba 1 ndiyo ishara ya kuendelea pale iliposimama. Aliyezoea kuandika sufuri huirusha programu kwenye anwani ya sufuri, ikafa papo hapo, na lawama ikamwangukia aliyeiandika, naye hana hatia.

Gumu zaidi ni suala la nyuzi, yaani kazi nyingi zinazokwenda pamoja ndani ya programu moja. Linux huuhesabu kila uzi kuwa peke yake: mmoja ukisimama, nyingine huendelea mpaka kitatuzi kiusimamishe kila mmoja na kuipokea habari yake. FreeBSD huisimamisha programu nzima, kisha hungoja iulizwe ni uzi upi uliokuwa sababu; basi kitatuzi kilichofunzwa adabu ya Linux hukaa kikingoja habari zisizokuja kamwe. Katika macOS mlango wa ptrace umesalia, bali kusoma kumbukumbu hakupiti hapo. Sharti kupitia milango ya kiini cha Mach, na kitatuzi chenyewe kiwe kimetiwa sahihi ya kukiidhinisha.

Jina la ombi lililokosekana katika mfumo mpya halimdhuru fundi, maana kikusanyaji (compiler) hukataa mara moja na kumwonyesha mstari wenye kasoro. Lenye madhara ni jina lililopo na maana yake imegeuka, kwa kuwa hilo hupita kimya kimya. Kwa hiyo, kabla ya kuhamisha hata mstari mmoja, yafaa aandike programu ndogo ya majaribio kwa kila ombi, alilinganishe jibu la mfumo wa kale na la mfumo mpya, kisha ayatenge yote yanayohitilafiana katika fungu moja la msimbo, ili sehemu iliyosalia ya kitatuzi isilazimike kujua iko katika mfumo gani.