Amosi Aliambiwa Arudi Kwao

Leo tufungue Amosi sura ya 7, kuanzia mstari wa 10. Amosi, mtu wa mifugo na mikuyu, ametoka Yuda kwenda Betheli, naye anataja waziwazi dhambi za nyumba ya mfalme Yeroboamu. Anayemkemea si askari, bali Amazia, kuhani. Kwanza anapeleka mashtaka kwa mfalme kwamba mtu huyu ni mfitini. Kisha anamwambia Amosi arudi kwao akatafute riziki yake huko, kwa maana Betheli ni patakatifu pa mfalme. Nasi tulidhani ni pa Mungu!

Ndugu zangu, hapa Kenya maneno ya Amazia tumeyasikia. Mwezi wa Agosti 1986, wachungaji waliokutanishwa na baraza la makanisa, NCCK, waliupinga uchaguzi wa mlolongo, yaani wapiga kura kupanga mstari hadharani nyuma ya mtu wamtakaye. Sababu yao ilikuwa ya kichungaji kabisa. Mchungaji akionekana leo yuko kwenye mstari wa fulani, Jumapili wale wa mstari wa pili watampokeaje mezani pa Bwana? Na mshirika aliye kibarua wa mgombea, atathubutu kusimama kwingine huku bwana wake akimtazama?

Wakajibiwa kwamba washike Biblia, siasa wawaachie wenyewe. Lakini siku ya harambee ya kujenga kanisa, mwanasiasa hakukumbuka kwamba dini na siasa havichangamani!

Mwaka wa 1988 mlolongo ulitumika katika mchujo wa chama, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kupingwa. Gazeti la NCCK, Beyond, lilieleza udanganyifu uliofanyika. Mwaka huo huo likapigwa marufuku, na mhariri wake akafungwa.

Hao hawakutaka kanisa litawale. Muumini ni raia. Analipa kodi, anazika majirani zake, anaona njaa ya kijiji. Akiambiwa imani yake aiache mlangoni ndipo aruhusiwe kusema, ameondolewa katika taifa lake mwenyewe.

Wala tusimtafute Amazia serikalini tu. Alikuwa kuhani. Mwaka wa 1986 lilikuwako kanisa lililojitoa NCCK kwa ajili ya jambo hili, na hata leo katika kamati zetu yuko anayemwambia mwenzake anyamaze asije akamkasirisha mheshimiwa.

Mwezi wa Agosti 1990, waziri mmoja alimwonya hadharani Askofu Alexander Muge wa Eldoret kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai. Tarehe 14 askofu alikwenda, akahubiri, na njiani akirudi akafa katika ajali ya gari. Waziri alijiuzulu. Desemba mwaka huo chama kiliuondoa mlolongo, na mwaka wa 1992 Wakenya walipiga kura ya siri.