Mukau Bora Huanzia kwenye Mbegu: Kazi ya Kituo cha Utafiti wa Misitu cha Kitui

Mkulima akipanda mahindi ya mbegu mbaya, hujua msimu huohuo. Akipanda mti wa mbegu mbaya, huenda akajua baada ya miaka kumi, wakati shamba limeshashikwa na mashina yaliyopinda yasiyotoa mbao. Kumwepusha mkulima na hasara hiyo ni mojawapo ya kazi kuu za kituo cha utafiti wa misitu cha Kitui na shamba lake la Tiva.

Kilikotoka kituo

Kituo hiki ni cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu nchini Kenya (KEFRI), na ndicho kinachoongoza utafiti wake wa maeneo kame. Zamani utafiti wa misitu ulifanywa chini ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki huko Muguga, Kiambu. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na mwaka 1986 KEFRI ikaanzishwa.

Katika miaka hiyo ya 1980, Kenya na Japani, kupitia shirika la JICA, zilianza mradi wa misitu ya jamii Kitui. Lengo lilikuwa mwananchi apande miti shambani mwake, asingoje serikali impandie. Kati ya mwaka 2004 na 2009, mradi mwingine ulitumia shamba darasa hapa Kitui, Mbeere na Tharaka. Wakulima walikutana kwenye shamba la mmoja wao, wakapanda, wakapima na kulinganisha matokeo.

Kwa nini mukau

Mukau ni mti wa asili wa nchi kame za Afrika Mashariki. Hustahimili ukame, mbao zake hazishambuliwi na mchwa kwa urahisi, na majani yake huliwa na mifugo wakati wa kiangazi. Ukitunzwa vizuri, huweza kutoa mbao baada ya miaka 10 hadi 15.

Lakini miti mingi mizuri ilikatwa porini, na iliyobaki mara nyingi ni ile iliyopinda. Anayeokota mbegu chini ya mti kama huo huenda akarithi kasoro zake.

Mbegu iliyofungwa ndani ya jiwe

Mbegu ya mukau hukaa ndani ya kokwa ngumu kama jiwe. Ikifukiwa ardhini hivihivi, ni chache sana zitakazoota. Kwa hiyo vitaluni hufanywa hivi:

• Matunda yaliyokomaa huondolewa nyama, kisha kokwa huanikwa.
• Kokwa hupasuliwa taratibu kwa kisu na nyundo ili mbegu isipondeke.
• Ncha ya mbegu hukatwa kidogo, mbegu hulowekwa usiku kucha, kisha ganda lake huchanjwa kwa wembe.
• Mbegu husiwa kwenye mchanga safi uliofunikwa kwa nailoni ili kuhifadhi joto.

Maji yakizidi, ukungu huozesha mbegu na miche. Kazi hii ya mikono ndiyo inayofanya miche ya mukau kuwa adimu.

Shamba la mbegu la Tiva

Mwaka 2012, KEFRI na wataalamu wa Japani walianza mradi wa kuboresha miti inayostahimili ukame. Watafiti walizunguka maeneo kame wakichagua miti ya mukau iliyonyooka, minene na yenye afya, takriban 100. Vikonyo vya miti hiyo viliunganishwa na miche iliyooteshwa kitaluni, kisha vikapandwa Tiva na Kibwezi.

Katika mashamba hayo, miti iliyotoka kwa mama mmoja hutenganishwa ili ichavushwe na mingine bora. Watoto wao hupandwa sehemu mbalimbali na kupimwa urefu na unene. Ukoo unaoshindwa huondolewa, na mbegu za koo zinazofanya vizuri ndizo zinazokusudiwa kumfikia mkulima.

Kabla hujapanda

Mbegu bora haitoshi bila matunzo. Machipukizi ya pembeni yaondolewe yakiwa machanga, kwani tawi likinenepa huacha fundo kwenye mbao. Mbuzi wazuiwe mpaka mti uwapite kimo. Mkulima ajue pia kwamba mizizi ya mukau hushindana na mazao: miti ikikua, mahindi na kunde zilizo karibu nayo hupungua. Ni heri kuacha nafasi ya kutosha tangu mwanzo, au kupanda miti pembezoni mwa shamba.

Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi Kitui. Mashimo yachimbwe mapema, na miche ipandwe udongo ukishalowa vizuri. Unaponunua miche, muulize mwenye kitalu mbegu ilitoka wapi. Asipoweza kukueleza, pata ushauri kwanza kutoka kituo cha KEFRI au kwa afisa wa kilimo wa wadi yako.